TAFAKARI YA JUMA: Kosa la Mwenzetu Linapotufaa



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuanzie tafakari yetu mahali ambapo pengine hamkutarajia Padre aanzie, yaani kwenye ubao wa bao. Wengi wenu mnalifahamu bao tangu utoto. Katika nyanda zetu hizi za juu, kuanzia Iringa hadi Mbeya, ni nadra kukosa mti, kibaraza au banda la fundi baiskeli ambapo wazee wawili wameinama juu ya mashimo, na wengine saba wamesimama wakitazama. Tumejifunza mengi kwenye vibaraza hivyo. Mojawapo ya mafunzo hayo lilitugharimu, nalo ndilo tunalotaka kuwashirikisha.

Ilikuwa mwezi wa Juni, majira ya baridi, katika kigango kimoja kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Misa ilikuwa imekwisha, akina mama wakawa wanaandaa chakula, nasi tukaketi na wazee kutazama bao. Waliocheza walikuwa viongozi wawili wa kigango hicho, mmoja mwenyekiti na mwingine mwekahazina, marafiki wa miaka mingi. Mchezo ulikuwa umeshafika kwenye mtaji. Mwenyekiti alikula, akaendelea kusambaza kete kwa kasi ile ya wachezaji wazoefu, na kwa sababu ya vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, kete mbili zikaanguka pamoja katika shimo moja. Kwa hiyo kete yake ya mwisho haikufika ilikopaswa kufika. Ilipungua shimo moja, ikaangukia penye utupu, naye akalala. Kama angesambaza sawasawa, angekula tena.

Yeye mwenyewe hakuona. Mwekahazina aliona, maana macho yake yalisimama kwenye shimo lile kitambo kidogo. Kisha akachota, akala, akaendelea kula, na baada ya mizunguko miwili safu ya mbele ya mwenzake ikabaki tupu. Watu wakacheka, na katika kicheko kile mshindi akasema kwa majivuno, "Uliangusha mbili pamoja, nikanyamaza!"

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti hakusema neno. Akainuka, akachukua kofia yake, akaenda zake.

Majuma matatu yaliyofuata hakuonekana kwenye sala za jumuiya zilizofanyika nyumbani kwa mwekahazina. Tulipomwendea, alituambia maneno ambayo hatujayasahau: "Baba Padre, bao si kitu. Nimefungwa mara nyingi. Lakini huyu ndiye anayehesabu fedha za ujenzi wa kanisa, nami ndiye ninayetia saini. Kama aliona kosa langu akanyamaza kwa sababu lilimfaa, nitajuaje ni mangapi mengine ameyaona akanyamaza?"

Wapendwa, hilo ndilo swali letu la juma hili. Mwenzangu anapokosea, na kosa lake likanifaa, je, ninawajibika kusema?

MCHEZO WENYE SHERIA

Kabla ya kujibu, ni vema tukumbuke kwamba bao si mchezo wa kubahatisha, wala si mchezo wa jana. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, alilitungia shairi. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, kuna mashimo ya mchezo wa jamii hii yaliyochongwa kwenye mwamba. Baganda wanao omweso, Wasukuma wanao isolo, na jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, wanao bawo. Mwaka 1894 mtaalamu wa Marekani, Stewart Culin, aliandika juu ya michezo ya jamii hii akiiita mchezo wa taifa wa Afrika. Huenda alitia chumvi, lakini hakukosea sana.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, kila mchezaji 32. Kumi huanza ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 hubaki mkononi za kunamua. Sheria zake ni kali. Mwenye uwezo wa kula lazima ale. Haruhusiwi kutakata kwa sababu tu kula kutamharibia mpango wake. Kila kete ina shimo lake, moja baada ya jingine, bila kuruka na bila kurundika.

Jambo moja katika bao linatuhusu hasa. Katika drafti, kosa likigunduliwa, kete hurudishwa ilipotoka na mchezo ukaendelea. Katika bao mwendo mmoja waweza kuzunguka ubao mara kadhaa na kubadili mashimo mengi. Mpinzani akishachota na kusambaza juu ya kosa lile, ni vigumu mno kurudisha ubao ulivyokuwa. Ndiyo maana anayeona kosa ana dakika chache tu za kusema. Akinyamaza mpaka achote yeye, kunyamaza kwake kumekuwa tendo.

WALIOTUTANGULIA

Swali hili si letu peke yetu. Warumi wa kale walikuwa na mchezo wa ubaoni ulioitwa tabula, uliochezwa kwa dadu tatu na kete 15 kwa kila upande. Huo ni babu wa mchezo ambao Waarabu huuita taula na ambao Ulaya na Marekani hujulikana kama bakigamoni.

Kanisa la mwanzo liliutazama mchezo huo kwa jicho la wasiwasi. Sinodi ya Elvira, nchini Hispania, mwanzoni mwa karne ya 4, iliamua katika kanuni yake ya 79 kwamba mwamini anayecheza dadu ubaoni kwa fedha atengwe na Komunyo, na akiacha apatanishwe baada ya mwaka mmoja. Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa, alipokuwa safarini baharini mwaka 1250 alimkuta ndugu yake akicheza, akazitupa baharini dadu na mbao zake. Tusiwacheke. Waliona jinsi mchezo wa fedha unavyoweza kumfanya mtu mwema amtazame jirani yake kama windo.

Lakini historia ya mchezo huohuo inatuonyesha pia upande wa pili. Mshairi Agathias wa karne ya 6 ametuachia habari za Kaizari Zeno wa Konstantinopoli, aliyetawala katika karne ya 5. Zeno alikuwa amejipanga vizuri ubaoni. Akarusha dadu, zikaja mbili, sita na tano. Kwa mujibu wa sheria hakuwa na njia nyingine ila kuvunja ngome zake mwenyewe, na kete zake zikabaki moja moja, wazi kwa adui. Kaizari aliyeweza kubadili sheria za dola hakuweza kubadili kilichoonyeshwa na dadu. Ubaoni alikuwa mchezaji kama mwingine, na sheria iliyomlinda jana ikamwangusha leo. Hapo ndipo ulipo uzuri wa mchezo wa haki, kwamba sheria haimtambui mkubwa.

Sasa, je, mchezaji akisogeza kete kinyume cha dadu? Sheria za bakigamoni zilizotungwa New York mwaka 1931 zilisema kwamba yeyote kati ya wachezaji wawili aweza kudai mwendo usahihishwe kabla ya dadu kurushwa tena, si baada ya hapo. Baadaye, katika mashindano mengi, ilizoeleka kwamba mpinzani ana hiari: kosa likimdhuru, adai lisahihishwe, likimfaa, arushe dadu zake na kuendelea kama vile hakuona. Wapo waliotetea desturi hiyo wakisema kila mtu na achunge mkono wake. Lakini wengine wakaona kwamba inamfundisha mchezaji kuwa na macho mawili, jicho kali kwa kosa linalomuumiza na jicho bovu kwa kosa linalomlisha. Ndiyo maana yapo mashindano ambayo sheria yake ni kwamba miendo yote iwe halali, na wajibu huo ni wa wachezaji wote wawili: aliyeona na aseme, kosa limfae nani au limuumize nani.

Tunaona kwamba hao wa pili wameelewa jambo la msingi. Akili ya mchezo ni ya kila mmoja, lakini sheria ya mchezo ni ya wote wawili. Mwenzangu akichagua mwendo halali lakini mbaya, sina wajibu wa kumwambia, kwa maana hayo ndiyo mashindano yenyewe, na kumwongoza kungekuwa ni kumdharau. Lakini akifanya mwendo usio halali, hata kwa bahati mbaya, kilichoharibika ni mchezo wetu sote wawili, nami ni mlinzi wake kama yeye. Nikinyamaza, ushindi nitakaoupata si wa bao, ni wa kitu kingine chenye sura ya bao.

ZAIDI YA HAKI

Tumepata kusoma habari nyingine inayopanda ngazi moja juu zaidi. Tarehe 2 Desemba 2012, huko Burlada katika jimbo la Navarra, Hispania, yalifanyika mashindano ya mbio za nyika. Aliyeongoza alikuwa Abel Mutai wa Kenya, ambaye miezi michache kabla alikuwa ametwaa medali ya shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London. Alipokaribia mwisho alidhani amekwisha kuvuka mstari, akapunguza mwendo na kusimama mita chache kabla yake. Nyuma yake alikuwa Mhispania Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita. Badala yake alibaki nyuma na kumwelekeza kwa ishara hadi kwenye mstari, kwa kuwa hawakuwa na lugha moja, na Mutai akashinda.

Tuitazame habari hii kwa makini. Mutai hakuvunja sheria, wala kumpita kusingekuwa kuvunja sheria. Kocha wa Anaya mwenyewe, Martín Fiz, aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa marathoni, alisema waziwazi kwamba yeye asingefanya hivyo. Kwa haki peke yake, Anaya hakudaiwa. Alichokifanya kilikuwa ni upendo. Kwa hiyo tunazo ngazi mbili: ya kwanza ni haki, nayo yatudai tuseme kweli pale sheria inapovunjwa, ya pili ni upendo, nao watualika kwenda mbali kuliko tunavyodaiwa. Wengi wetu twapenda kuisifu ngazi ya pili ya Anaya, ilhali kule kigangoni hatujapanda hata ile ya kwanza.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliyaona mambo haya yote mawili. Katika kitabu chake kikuu, Summa Theologiae, anafundisha kwamba mchezo wenye kiasi ni jambo jema kwa roho iliyochoka, na kwamba iko fadhila inayoutawala. Katika kitabu hichohicho anafundisha juu ya kuonyana kidugu, akitofautisha namna mbili. Kumsahihisha ndugu kwa ajili ya wema wake ni tendo la upendo, na kusahihisha kosa kwa kuwa linawadhuru wengine ni tendo la haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, katika namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati si dhambi yenyewe kwa yenyewe, lakini kudanganya mchezoni ni jambo zito, isipokuwa hasara yake iwe ndogo kiasi kwamba aliyeipata hawezi kwa busara kuihesabu kuwa kitu. Hasara ya bao lisilo na fedha ni ndogo, naam. Hasara ya imani kati ya mwenyekiti na mwekahazina haikuwa ndogo.

MWALIMU NA UBAO WAKE

Hatuwezi kusema habari za bao na kusahihishana bila kumkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Inajulikana kwamba Mwalimu alipenda bao, na kwamba huko Butiama aliketi nalo na wazee wenzake. Na ni yeye aliyeandika, mwaka 1962, kijitabu kilichoitwa Tujisahihishe. Kilielekezwa kwa wanachama wa TANU, lakini mchezaji yeyote wa bao angekielewa. Humo alionya juu ya tabia ya kulipima neno kwa kumtazama aliyelisema badala ya kutazama ukweli wake, akafundisha kwamba ukweli hauna upendeleo kati ya mkubwa na mdogo, wala kati ya rafiki na adui.

Watu wa Mbeya wenye umri wa kukumbuka hawajasahau Mei Mosi ya mwaka 1995 katika Uwanja wa Sokoine. Nchi ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe. Mwalimu, aliyekuwa hana cheo chochote cha serikali, alisimama akazungumza waziwazi juu ya rushwa, ukabila na udini. Hakuyasema hayo dhidi ya wapinzani wake; aliyasema mbele ya watu wake, juu ya nyumba aliyoijenga yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo kusahihisha kosa wakati ambapo kunyamaza kungekuwa na faida au angalau na utulivu. Ni rahisi kuona mwendo haramu wa upande wa pili. Mtu mwenye haki huuona pia ule unaoulisha upande wake.

NASI TULIKUWEPO

Sasa tunafika mahali pagumu zaidi kwetu. Wapendwa, siku ile kigangoni, mwekahazina hakuwa peke yake aliyeziona kete mbili zikianguka pamoja. Sisi nasi tuliziona.

Tulijitetea moyoni kwa desturi ya vibaraza, kwamba mtazamaji hana mdomo. Desturi hiyo ni nzuri, kwa maana inawalinda wachezaji wasifundishwe mbinu na watu wa pembeni. Lakini haikutungwa ili kufunika kosa la sheria. Na hata kama tungeiheshimu wakati mchezo ukiendelea, nani alituzuia baadaye kumwita mwekahazina kando? Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 18, ambayo husomwa Dominika ya 23 ya Mwaka A, anatuwekea utaratibu: ndugu akikosa, mwendee kwanza ninyi wawili peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, mwishoni ndipo Kanisa. Tuliuhubiri utaratibu huo mara nyingi. Siku ile tulikula ugali, tukapanda gari, tukaondoka, na majuma matatu yakapita.

Kwa hiyo tulipokwenda kwa mwenyekiti, hatukuweza kuanza kwa kumhubiria juu ya msamaha. Tulianza kwa kukiri, "Mzee wetu, nasi tuliona." Alitutazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi tulikuwa watatu tuliokosea, Baba. Mimi nilikosea kwa mkono." Tukaelewa alichokiacha bila kukisema. Wengine wawili tulikuwa tumekosea kwa ulimi uliofungwa.

Jioni ileile tulikwenda kwa mwekahazina, safari hii peke yetu naye. Hakubisha. Alisema alidhani huo ndio ujanja wa bao. Siku ya tatu alimwendea mwenzake, nasi hatukuwepo, wala hatujui walisemezana nini. Tunajua tu kwamba Dominika iliyofuata walipeana amani, na kwamba vitabu vya hesabu za ujenzi vilifunguliwa mbele ya kamati nzima kwa ombi la mwekahazina mwenyewe. Havikuwa na kosa. Lakini yeye alitambua kwamba aliyeonekana akinyamaza katika dogo anawajibika kusema kwa sauti katika kubwa.

Tuondoke basi na mambo machache ya kutendea kazi juma hili. Tukiona kosa la sheria, tuseme mapema, kabla hatujachota sisi, maana baada ya hapo ubao haurudi. Tuseme kwa upole, bila kelele na bila kumfanya mwenzetu aonekane mwizi, kwa kuwa mara nyingi ni baridi tu ya vidole. Tuseme kwa kipimo kimoja, na kwa wepesi uleule, kosa likituumiza au likitufaa. Muuza duka akiturudishia chenji iliyozidi, karani akiandika jina letu mahali pasipo petu, mizani ya mahindi ikielemea upande wetu, hapo ndipo kete mbili zimeanguka pamoja, na macho yetu yameona. Na kama tumekwisha kunyamaza, tusingoje majuma matatu. Mtume Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba mshindani hatawazwi taji asiposhindana kwa kufuata sheria. Taji lile hatutaki kulipokea kwa kosa la mtu mwingine.

Mwenyezi Mungu atujalie macho ya haki, na ulimi wenye upole na ujasiri wa kuyafuata. Tunawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka. Tumwombee kila mmoja wetu.

Tumsifu Yesu Kristo!